Kabari Mbili za Stoo

"Shangazi, mbona trela la baba limewekewa mawe, na kabari ziko huku stoo kwako?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake, wa miaka saba. Shangazi mtu alikuwa akifuta kabari zenyewe, mbili, za chuma, zilizopakwa rangi ya manjano, zile zinazosukumwa nyuma ya tairi ili gari zito lisiserereke. Alicheka kidogo.

"Ili zisichakae, mama. Hebu nenda kale."

Yeye ndiye aliyekuwa mtunza stoo wa yadi ya matrela, na madereva walimwita Mama Kabari. Yadi ilikuwa na matrela kumi na moja. Kila moja lilitakiwa libebe vifaa vyake: kabari mbili, pembetatu mbili za kuonya wenye magari, na mtungi wa kuzimia moto. Sasa piga hesabu mwenyewe, halafu ujue kwamba stoo nzima ilikuwa na seti moja tu iliyo hai. Mitungi mingine ilikuwa imesukumwa kwenye kona, mishale yake imelala kwenye nyekundu miaka nenda miaka rudi.

Siku ya ukaguzi ilikuwa kama mchezo wa kujificha. Mkaguzi alipogeukia taa za nyuma za trela la kwanza, Mama Kabari alichomoa seti, akazunguka nayo nyuma ya ukuta, akaipachika kwenye trela la pili kabla mtu hajafika. Jasho lilimtoka hadi kwenye visigino.

"Mama Kabari, leo mtungi umekimbia kuliko lori langu!" dereva mmoja alimtania.

"Lori lako lina mbio gani? Konokono anakupigia honi umpishe!"

Watu walicheka, na tajiri mwenye yadi alicheka kuliko wote. Kazi ile Mama Kabari aliombewa na kaka yake, dereva wa trela namba saba, mumewe alipomwacha na watoto watatu. Angefungua mdomo kusema nini?

Basi ikafika siku ya ukaguzi nyingine. Saa tatu asubuhi simu yake ikalia. Alikuwa kaka yake, yuko na shehena ya saruji kwenye mteremko, umbali wa nusu saa kwa pikipiki.

"Dada, bomba la upepo wa breki limepasuka. Springi mbili za breki nazo zimekatika, fundi nilimwambia tangu mwezi jana. Trela limeshikwa na mawe tu."

"Usiingie chini, kaka!"

"Niingie nina wazimu? Niletee kabari. Naweka matawi barabarani maana pembetatu sina."

Mama Kabari alikimbilia kwa tajiri. Kabari zilikuwa uwanjani, chini ya trela namba nne, na mkaguzi alikuwa ameinama palepale.

"Yamebaki matrela sita," tajiri alinong'ona huku akimtabasamia mkaguzi kwa mbali. "Yakimalizika, chukua uende."

"Bosi, kaka yangu yuko mlimani!"

"Na mimi niko wapi, baharini? Ukizitoa sasa, tunafungiwa yadi. Kesho wewe na kaka yako mtakula nini?"

Alirudi hadi kwenye trela namba nne. Kisha, na hili ndilo lililomtafuna baadaye, akainama akazichomoa kabari, akakimbia nazo si kwenda barabarani, bali kwenda kwenye trela namba tano. Halafu namba sita. Simu ikatetemeka mfukoni mara mbili. Hakuipokea, mikono ilikuwa imejaa chuma. Mhuri wa mwisho ulipogongwa, saa ilikuwa tano kasoro.

Alipanda pikipiki na kabari mapajani, akimwambia mwenye pikipiki, "Kimbiza, baba, kimbiza," mpaka sauti ikamkauka. Kwenye mteremko alikuta watu wamezunguka. Tajiri, yuleyule, alikuwa amempigia kaka yake mara tatu akimfokea kwamba saruji inangojwa. Kaka mtu akaingia chini kufunga bomba. Jiwe moja likavunjika kama biskuti, trela likamserererekea miguuni.

Madaktari walimwokoa. Miguu yote miwili hawakuweza. Alipozinduka alimtazama dada yake.

"Ulikwama wapi?"

"Foleni," akasema Mama Kabari.

Na kaka yake akamwamini! Hilo lilimuumiza kuliko kama angemtukana. Aliacha kazi wiki ileile, akahamia kwa kaka yake, akawa ndiye anayemwosha, anayemgeuza, anayesukuma kiti chake hadi kibarazani. Kila kaka alipomwambia, "Asante, dada," alitoka nje akajifanya anaanika nguo.

Miaka tisa ikapita. Yule binti sasa yuko sekondari, na jioni moja, wakichambua mchele, akauliza tena swali lake la utotoni, neno kwa neno. Baba yake alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, anasikia kila kitu. Mama Kabari aliweka ungo chini. Hakumtazama binti, alimtazama kaka yake.

"Zilikuwa mbili tu kwa matrela kumi na moja. Na siku ile hapakuwa na foleni, kaka. Nilikuwa nazo mkononi, nikampelekea mkaguzi."