Karafuu Kwenye Ungo

Binti yangu aliniambia akinimiminia chai, mama yake akiwa pale pale anasikia. "Baba, ndoa imebaki wiki nne. Siku hiyo ukinuka pombe, baba mdogo ndiye ataniozesha. Nimeshaongea naye." Hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu, maana miaka ile hasira zangu zilikuwa mlangoni tu. Nilikunywa chai ikaniunguza ulimi.

Sisi ni Waislamu, watu wa duka, tuko Singida mjini tangu enzi za babu. Pombe kwetu ni aibu ya kufukia, nami niliifukia kwa karafuu. Zilikaa mfuko wa shati. Nikitoka kunywa natafuna tano sita, naingia nyumbani nikijiona mjanja. Nilianza miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa nikawa nanunua alizeti vijijini. Huko magunia yalipakiwa kibuyu cha pombe kikizunguka, nikajiambia kukikataa ni kumdharau mwenyeji. Uongo mtupu. Hakuna aliyenishika kichwa.

Mkulima mmoja wa Ihanja, mwenzangu wa kibuyu, msimu ule alikuwa hanywi. Nilipombana akaniambia, "Jumanne saa nane, kwenye ghala la chama. Tunakaa tulioshindwa kuacha peke yetu." Ghala nililijua. Lilikuwa la ushirika, likabaki tupu tulipoingia sisi wachuuzi.

Jumanne nikapanda lori. Kutoka barabarani hadi ghalani kulikuwa na kilabu kimoja, na njia ilipita mbele yake. Upepo wa Singida ulikuwa unavuma, lakini mimi jasho lilinitiririka mgongoni.

"Tajiri!" mnywaji mmoja akaniita. "Njoo, imeiva leo!"

Nilisimama. Nasema kweli, mguu mmoja ulikuwa umeshageuka.

"Nafuata alizeti," nikadanganya.

"Alizeti gani ghalani? Humo wamo walioacha tu!" Wakacheka wote. Kile kicheko ndicho kilichonisukuma. Niliondoka kwa hasira, na kabla sijafika mkono ukaingia mfukoni wenyewe, nikatupia karafuu kinywani. Sikuwa nimeonja hata tone siku hiyo.

Mlangoni alikaa bibi mmoja juu ya kigoda, miguuni pake ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanusa. "Wewe ni wa karafuu."

Niliinamia ule ungo. Mlikuwa na kitunguu kibichi, majani ya mpera, peremende, na dawa ya meno iliyokamuliwa nusu.

"Mimi nilikuwa mpika pombe," alisema. "Wengi wa humu ndani wamenywea kwangu, na mimi nikinywa nao. Najua kila mtu alitafuna nini akirudi kwa mkewe. Anayeingia hapa anaacha anachojifichia. Weka."

"Leo sijanywa, mama."

"Sasa unaficha nini?"

Damu ilinipanda. Angekuwa rika langu ningemtukana nikageuza. Lakini nilikuwa nimeshamwamkia, na huwezi kumwamkia mama kisha ukamvunjia heshima. "Nikiziacha hizi, nyumbani nitaingiaje?"

"Utaingia hivyo hivyo. Wakunuse."

Nilitema. Kisha nikaugeuza mfuko wa shati, karafuu zote zikamwagika juu ya kitunguu cha mtu.

Ndani walikuwa watu saba, wamekalia magunia matupu. Zamu yangu ilipofika niliweza kusema neno moja tu, kwamba naiogopa harusi ya mwanangu. Hakuna aliyecheka. Nilirudi Jumanne tatu zilizofuata, mikono ikitetemeka hadi kikombe kikanishinda, na nyumbani hakuna aliyenipongeza. Walikuwa wananinusa kimya kimya, nami niliwaacha.

Siku ya ndoa nilishinda uani, nikisimamia masufuria ya pilau. Wageni walipokaa, nikavaa kofia nikaenda barazani. Mdogo wangu alikuwa ameshakaa karibu na sheikh, kanzu imepigwa pasi. Nilipoinama kumsalimia akashtuka.

"Kaka," akaninong'oneza, "karafuu."

Sikumwelewa. Kisha nikainusa kanzu yangu. Pilau! Nikaanza kumweleza, lakini maelezo yangu alikuwa ameyasikia miaka mingi. Akainuka. "Kaa tu, kaka. Nitaingia mimi kumuuliza."

Kwetu walii, yule anayeozesha, huingia kwa bibi harusi kuchukua ridhaa yake kabla ya ndoa kufungwa. Nikamtangulia, karibu nimkanyage. Chumbani shangazi zake walinipisha. Binti yangu alikuwa kitandani, amefunikwa kanga hadi kwenye paji la uso. Nilipokaribia nikaona pua yake inacheza, kisha macho yakamjaa machozi. Harufu ilikuwa imefika kabla yangu.

Kusema nisingeaminiwa. Nilipiga magoti, nikafungua kinywa, nikampulizia pumzi usoni, haaa, kama mtoto anayemwonyesha mama yake kwamba amemeza dawa. Shangazi mmoja alifunika uso. Niliona aibu ambayo sijaiona tena, na sikuondoka.

Akafumba macho. Akanusa, akanusa tena. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni anasubiri.

"Niozeshe, baba," akasema.