Picha Isiyotikisika

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi friji, na kwa ufundi huo simtoi kasoro. Friji iliyowashinda mafundi wengine yeye huiwekea sikio mgongoni, husikiliza kidogo, kisha hutaja ugonjwa wake. Laiti sikio hilo angewawekea na watu. Mtaani wanamwita Mzee wa Mwezi, kwa kuwa kila wakichungulia uani kwake wanaona darubini imeelekezwa juu. Jina hilo humkera kweli, maana mwezi ndio adui yake mkubwa. Ukitoka, anga lote linang'aa, vitu anavyovitafuta havionekani, naye hukaa ndani amenuna, hasemi na mtu.

Anachotafuta ni galaksi. Alinieleza mara nyingi, nitake nisitake: makundi ya nyota yaliyo mbali kupita akili, ambayo mwanga wake umesafiri mamilioni ya miaka hadi kufika pale uani penye kamba ya nguo. Darubini aliiunda mwenyewe kwa bomba pana la plastiki na kioo alichonunua kwa mtu aliyechoka nacho. Kamera ni ya mtumba, ya bei ya chini, kitufe kimoja kimeng'oka na mahali pake kuna kijiti cha kiberiti. Ikipata joto hujaza picha chengachenga, kwa hiyo kaifungia feni ndogo ya friji mgongoni. Galaksi moja hasa ndiyo iliyomnyima usingizi, imekaa kiubavu kama sahani iliyoegemezwa ukutani. Alitaka picha yake moja safi, hata akifa kesho yake. Hayo ni maneno yake, na hakufa yeye.

Kazi yenyewe ni ya kungoja. Mwanga wa kitu cha mbali hivyo ni hafifu mno, basi kamera huachwa wazi dakika kadhaa, ifungwe, ifunguliwe tena, hivyo hivyo usiku kucha. Baadaye kompyuta huzilaza picha hizo moja juu ya nyingine zikawa picha moja. Lakini kamera ikiwa wazi kitu kisitikisike. Ua wao umesakafiwa kwa saruji tangu milangoni hadi chooni, na darubini imesimama juu ya saruji hiyo hiyo. Mtu akipita, hata kwa upole, nyota hutoka na mikia na picha hiyo hutupwa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na udongo mtupu. Angechimbia nguzo pale, watu wangetembea wapendavyo. Akasema huko ukuta wa jirani unamziba kipande cha anga. Basi badala ya kuhamisha darubini, akawazuia watu.

Alitundika taa nyekundu, kijitaa cha friji mbovu, kwenye kamba ya nguo. Ikiwaka, kamera iko wazi, hakuna kukanyaga ua. Ikizimika, pita haraka. Dada hufanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, kwa hiyo sheria hiyo ilimwangukia mtu mmoja tu, mama yetu.

Mama alihamia kwao moyo wake ulipoanza kumsumbua. Alipewa chumba cha uani, mlango unatazamana na darubini, choo kiko upande wa pili. Daktari alimpa dawa za kutoa maji mwilini, na aliyewahi kuzinywa anajua usiku unavyokwenda. Alimwambia pia, mbele yetu sote, shemeji akiwemo, kwamba kifua kikimbana asingoje hata kidogo, aite mtu apelekwe hospitali. Kila mtu pale aliitikia kwa kichwa.

Lakini mama alikuwa mtu wa kuita? Alikuwa mtu wa kula ugali mkavu kuliko kumwomba mkwe wake ampitishie mchuzi. Nilimwambia, "Mama, heshima si utumwa." Akanijibu, "Nimekula kwake, nimelala kwake, nimharibie na kazi yake?" Nikamwambia kazi yake ni friji. Akanikazia macho.

Shemeji naye hakuwa mtu wa makelele. Angekuwa wa makelele tungepambana naye. Yeye alikuwa na upole ule unaochubua. Asubuhi wakinywa chai alimwambia, "Mama, jana umenitupia picha tatu." Naye mama, mwenye umri wa kumzaa, alimjibu, "Nisamehe, baba." Siku moja mama alijitia utani: "Mwanga wake umetembea miaka yote hiyo hakuna aliyeuzuia, na mimi naambiwa nisitembee hadi chooni." Wakacheka wote wawili. Kisha shemeji akamshauri apunguze maji ya jioni.

Nilimsukuma dada aseme naye. Alisema naye. Akaahidi kwamba mwezi ukirudi angani, kazi ikisimama, ataihamisha darubini nyuma. Mwezi ukarudi, ukapungua, ukatoweka, darubini iko pale pale. Ahadi ni deni kwa watu wengine, kwake ilikuwa njia ya kumaliza maongezi.

Usiku wenyewe sikuwepo. Mvua ilikuwa imeosha vumbi lote, na anga, kwa maneno yake, lilikuwa halijapata kuwa safi vile. Dada alirudi kutoka kiwandani alfajiri, akakuta mlango wa mama uko nusu wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya kizingiti, uso umeelekea uani, kandambili zake zimewekwa mapajani na mkono umezishika. Alikuwa amezivua ili akipita zisilie. Mwili ulikuwa umeshapoa.

Nilifika nikiwa na khanga ya ndani na viatu vya mtu mwingine. Daktari aliuliza kama marehemu alimwita mtu, maana moyo wa namna ile hausimami ghafla, huanza kubana, na mtu hupata muda. Shemeji akasema, "Hakuita. Usiku kucha kulikuwa kimya." Nilimwamini, na kwa hilo alikuwa anasema kweli.

Tukazika. Shemeji alilia kaburini, sitamsingizia, alilia hadi akashikwa mkono. Kisha akarudi kwenye kompyuta yake. Mjomba, kaka wa mama, alipokuja baadaye tugawane vitu vya marehemu, picha ilikuwa imeshachapishwa, imetiwa fremu, inaning'inia sebuleni. Kusema haki ilikuwa nzuri. Galaksi imelala katikati, kiini chake cha rangi ya manjano, mstari mweusi umepita ubavuni, na nyota za pembeni kila moja ni nukta, hakuna yenye mkia.

Mjomba aliuliza kwa adabu tu, "Hii ndiyo ile kazi yako, mkwe? Umeipataje?"

Mdomo ukamponza. Akaanza na kioo, akaja kwenye feni, akafika kwenye saruji. "Adui ni hatua za watu, mjomba. Usiku mwingine natupa nyingi. Ila kuna usiku mmoja nilibahatika, mwanzo hadi mwisho haikutikisika hata moja. Karibu yote hii unayoiona imetoka usiku huo."

Dada alikuwa sakafuni anakunja khanga za mama. Hakuinua uso. "Usiku upi?"

Shemeji aliigeukia picha. "Ule."

"Ule upi?"

"Ule wa mama."

"Hukumsikia kabisa?"

"Nilisikia mlango, nikachungulia dirishani. Alifungua, akaona taa inawaka, akakaa. Nilimshukuru moyoni."

"Ilipozimika hukuona kwamba hajatoka?"

Alimtazama mjomba, akanitazama mimi. Nilimrudishia macho. Akasema, "Haikuzimika. Anga lilikuwa safi mno, nikaondoa mapumziko. Niliiacha ipige mfululizo."

Basi mama alikuwa amekaa pale, kifua kinambana, kandambili mapajani, akingoja taa izimike apite, na aliyeiwasha alikuwa ameshaamua isizimike mpaka kukuche. Nilimchukia, na ninamchukia ninapoandika haya.

Dada alimaliza kukunja khanga iliyokuwa mkononi, akaiweka juu ya nyingine. "Endelea," akamwambia. "Mjomba anasikiliza."

Wiki ile ile shemeji aliomba picha ishushwe. Dada alikataa, akaigongea na msumari wa pili. Sasa mgeni akiingia, hata wa kuleta friji, dada humkaribisha kiti, kisha humwita mumewe kwa sauti nzuri kabisa, "Njoo umweleze mgeni ulivyoipiga." Naye huja, akaeleza, tangu kioo hadi taa, maana akiruka kitu dada humkumbusha. Darubini iko nyuma ya nyumba siku hizi, imelazwa chini, kuku wanataga ndani yake. Watu wananiambia nimwambie dada yatosha, yaliyopita si ndwele. Sijamwambia. Kila nikienda kwao, nikishapewa maji, huielekea ile picha na kumuuliza shemeji tena ulikuwa usiku upi.