Fundi Aliyejifungia Banda la Fisi

Wenzangu mliokwenda shule na michembe ya viazi vikavu mfukoni, mkitafuna mpaka taya zinauma, mnaikumbuka siku Shinyanga yetu ilipopata bustani ya wanyama? Mimi shule niliishia la tano, hesabu zilinifukuza. Lakini habari hii naijua kuliko mwalimu, maana nilikuwa natoroka darasani kwenda kutazama ujenzi.

Aliyejenga mabanda ni Fundi Maganga, mwashi wa mtaani kwetu. Mfupi, ndala zake zimeshonwa kwa waya, lakini ukuta wake ulinyooka mpaka unatamani kuusalimia shikamoo. Banda la nyani, watu kimya. La mbuni, kimya. Alipoanza la fisi, moto ukawaka. Si mnajua kwetu Wasukuma, fisi ana mwenyewe, mchawi anayempanda usiku, na mwenyewe si mtu wa kuchezea. Akina mama wakaapa banda halifunguliwi. Mbele yao mama yangu, sauti inafika Ibadakuli.

"Fundi, mwenye fisi akija kumdai je?"

"Aje tu, Mama Shija. Apite getini kama wageni wengine."

"Na fisi akitoka akala watoto?" Akaninyooshea kidole mimi. Nilivyokuwa mkavu, fisi mwenye akili angenipita, ila nikajitahidi kuonekana mtamu.

Fundi akakuna kichwa. "Basi ngoja niingie mimi kwanza. Kila tofali humo nimeweka mwenyewe. Nikishindwa kutoka mimi, fisi atatokea wapi?"

Akaingia, ufunguo akampa mama. Jamani, huyo ndiye mnyama wa kwanza wa bustani yetu! Mji mzima ulikuja. Mkewe alimpitishia ugali na mboga kavu ya nsansa kwenye nondo: "Kula, mnyama wangu, usiniangalie hivyo." Sisi tukamrushia karanga. Akaparamia ukuta, akatikisa mlango. Wapi!

Angekaa kimya hapo, angekuwa ameshinda. Lakini alienda kwenye kona akaanza kufukua chini, na mara kichwa kikachomoza upande wa nje, kimejaa udongo. Akina mama wakapiga yowe. Yeye, bado kiuno kiko shimoni, akatuita: "Njooni mwone. Msingi nimeufanya mfupi, nimekosea. Afadhali nimetoka mimi."

Akabomoa upande mzima, akashusha msingi wa mawe, akajifungia tena. Safari hii alifukua mpaka kucha zikagoma, akaomba afunguliwe. Mama akamfungulia, akamtazama mikono, akasema, "Haya, mlete huyo fisi wako."

Fisi akaja, akazeekea humo humo.

Siku hizi wanangu wanamwangalia fisi kwenye simu. Akiwachosha, wanamsukuma juu kwa kidole, kaenda. Mafundi nao ndio usiseme. Juzi nimejengewa choo, kimepasuka hata sijakikalia. Nampigia fundi, ananiambia kosa ni la udongo wa Shinyanga, akakata simu. Nikabaki nacheka peke yangu, mlango wa choo mkononi.

Sisi tulikua tukimwona mtu mzima, mbele ya mji mzima, akionyesha alipokosea bila kuona haya. Tukadhani watu wazima wote ndivyo walivyo. Tukawa na haraka kweli ya kukua.