Siku Niliyoandika BURE kwenye Mlango wa Game Yangu

Kijana aliyebeba tairi la kunichomea alikuwa amecheza game kwangu bure asubuhi hiyohiyo.

Anaitwa Josaphat. Namtaja kwa sababu siku hizi tunasalimiana, na akisoma hapa najua atacheka. Mimi mwenyewe bado sijaweza kucheka vizuri.

Ngoja nianzie kwenye mambo ya bei, maana usipoyaelewa hayo hutaelewa kwa nini walitaka kuniua.

Naitwa Bilali. Nimezaliwa Beni, huko Mulekera, kwenye familia ya Waislamu wanaoishi kwa kusafirisha mizigo ya watu. Usalama ulipozidi kuharibika, mimi na mke wangu Hadidja tulihamia Butembo, tukapanga nyumba Bulengera.

Mali yangu kubwa ilikuwa moto moja nyekundu. Kwetu pikipiki tunaiita moto. Kwenye bati la tairi la nyuma nilikuwa nimemwandikia mke wangu jina lake kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: HADIDJA.

Mapenzi ya ujana hayo, msinicheke. Mtaa mzima uliijua ile moto.

Nikachoka kubeba abiria kwenye vumbi. Nikafungua salle ya game, yaani ukumbi wa kuchezea, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na mimi, kulikuwa na salle ya mzee mmoja anayeitwa Muyisa. Mtu wa Butembo kabisa, Mkatoliki wa misa ya kwanza, biashara ameinyonya kwa mama yake. Alikuwa na PlayStation nne, na vijana wote wa mtaa walijifunzia kwake.

Mimi nilienda Kampala nikanunua Xbox. Muuzaji alinipa nne za mtumba kwa bei ya PlayStation mbili.

Nikajiona mjanja! Nilirudi nyumbani naimba. Hata sikujiuliza kwa nini watu wa Butembo waliokuja kununua kabla yangu walizipita bila kuzitazama.

Jibu nililipata siku ya kwanza. Kijana alikaa, akashika manette, kile kidude cha kuchezea, mechi ikaanza. Kidole gumba cha kushoto kikashuka kutafuta kile kifimbo cha kukimbizia mchezaji, kikakuta hakipo pale alipokizoea. Kwenye Xbox kifimbo cha kushoto kiko juu.

Alifungwa mabao saba. Akaweka manette chini kama mtu aliyepewa chakula kilicholala.

"Papa Bilali, machine yako haiko mubaya," akasema kwa adabu. "Mais vidole vyangu havijue."

Akavuka barabara, akarudi kwa Muyisa.

Basi nikaingia vita ya bei. Mechi kwa Muyisa ilikuwa franc mia tano. Mimi nikaandika mia tatu. Vijana wakaja, na Muyisa naye akashuka mia tatu, wakarudi kwake.

Nikaweka mia mbili. Naye mia mbili. Nikakasirika, nikaweka mia.

Hapo Muyisa hakushuka tena. Alitoa kiti nje, akakaa mlangoni, akawa ananitazama huku anachokonoa meno.

Alijua hesabu yangu kuliko mimi. Umeme ulikuwa unakatika kila siku, wote wawili tulitumia groupe, yaani jenereta, na mafuta tulinunua kwa kadhafi mmoja, yule anayeyauza kwenye chupa pale kona. Kwa franc mia mechi moja, nilikuwa nauza kwa hasara.

Nikakaa nikawaza. Nikaona kumbe ugomvi wetu ni wa vidole. Bei peke yake haitoshi. Vijana wakikaa kwenye Xbox wiki kadhaa mfululizo, vidole vitazoea, halafu hata nikipandisha bei watabaki. Lakini kuwakalisha wiki kadhaa kunataka jambo moja tu: bure.

Na bure inataka mafuta.

Nikapeleka moto Beni kwa commissionnaire, yaani dalali. Sikutaka kuiuzia Butembo, Muyisa angejua nimeishiwa. Niliuza haraka, kwa bei ya aibu, na jina la mnunuzi sikuuliza.

Kwa Hadidja nikasema moto iko garage Beni, inangoja kipuri. Ningemwambia nini jamani? Kwamba nimeuza jina lake ninunue mafuta ya kuchezesha watoto wa watu?

Kesho yake nikachukua kartoni, nikaandika BURE, nikaitundika mlangoni.

Salle ilijaa hadi dirishani. Josaphat alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Kwa Muyisa kulibaki nzi. Cha ajabu, Muyisa hakushusha bei wala hakupandisha sauti. Alikaa tu kwenye kiti chake. Utulivu ule ulinitia wasiwasi, nikaupuuza.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa Mama Kavuo, anayekaanga beignets, yaani maandazi, mbele ya mlango wangu.

"Bilali, mwana wangu, ile feza ya mafuta inatokea wapi?"

Nikacheka. Nikamjibu jinsi tunavyojibu kwetu: "Mungu ndiye anatoa, mama."

Jibu baya kuliko yote niliyowahi kutoa.

Sikuwa naijua Butembo bado. Wafanyabiashara wa pale wanaagiza mzigo pamoja, wanagawana kontena, kila mtu anajua mwenzake amenunua kwa bei gani. Ukipunguza faida, watasema unapigania wateja. Ukiuza chini ya bei uliyonunulia, hawasemi tena umeshusha bei. Wanauliza nani anakujazia.

Na nyakati zenyewe mnazijua. Watu walikuwa wanaenda shambani hawarudi. Kila familia ilikuwa na kijana asiyejulikana aliko. Katikati ya hofu hiyo, mtu mgeni, ametoka Beni, Mwislamu, jina lake Bilali, anajaza vijana chumbani kutwa nzima, hadai hata franc moja, na ukimuuliza pesa anakuambia Mungu ndiye anatoa.

Maneno yakatembea. Kwenye vibanda wakasema nakusanyia vijana watu wa pori, wale waasi wanaojidai kumpigania Mungu. Yalipofika mtaa wa Kimemi ikawa nimeshapeleka kumi. Mimi sikusikia lolote, nilikuwa nahesabu vidole vilivyozoea.

Siku ile, mchana baada ya kula, salle ikawa tupu ghafla. Nikatoka nje. Mama Kavuo alikuwa anafunika karai lake, hataki kunitazama.

"Mama, kuna nini?"

"Ingia ndani ya nyumba, Bilali. Funga."

Kisha nikasikia filimbi. Halafu sufuria zinagongwa, nyumba hadi nyumba, vile tunavyogonga adui akionekana. Nikageuka nyuma kutafuta huyo adui ni nani.

Nilikuwa mimi.

Walijaa barabara yote. Wengine niliwajua kwa majina, wengine kwa timu wanazopenda kuchezea. Mbele kabisa Josaphat na tairi begani. Nyuma yake mtu ana kidumu, na harufu ya petroli ilinifikia kabla yao.

Sikukimbia. Na ningekimbilia wapi? Hadidja alikuwa ndani.

"Bilali! Leo utasema!" Josaphat akapiga kelele. "Feza inatokea wapi?"

"Josa, ni miye. Asubui si ulikuwa hapa?"

"Njo maana tunakuuliza! Mutu anachoma mafuta siku muzima, bure! Ni nani anakulipa? Batoto betu unabakusanyia nani?"

"Hakuna mutu! Niliuzisha moto yangu! Ni ile feza!"

Hatua zao zikasita. Nikadhani nimepona.

"Bongo!" mwanamke mmoja akaita kutoka kwenye umati, yaani uongo. "Bibi yako alituambia moto iko garage Beni!"

Wote wakatazama nyuma yangu. Hadidja alikuwa amesimama mlangoni, kitenge mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Bilali," akasema polepole, "moto si iko garage? Si weye uliniambia?"

Masikini, hakujua anachofanya. Uongo niliomwambia nyumbani ndio ulionifunga kamba barabarani.

"Uliuzisha nani?" Josaphat akauliza.

"Commissionnaire ya Beni. Mwenye alinunua simujue."

"Hamujue!" umati ukarudia. Jiwe la kwanza likagonga mlango wa bati. La pili likanipata begani. Hadidja akapiga yowe, akaja akasimama mbele yangu, na mimi nikawa namvuta nyuma, naye anakataa, huku tairi linakaribia.

Nikamtazama Muyisa ng'ambo. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nikasema moyoni, mzee ameingia ndani asione, kesho atafungua na bei ya mia tano.

Ndipo geti la ua wake likafunguka.

Muyisa alitoka anasukuma kitu kimefunikwa bâche, lile turubai la mizigo. Hakukimbia. Alisukuma taratibu katikati ya watu, nao wakampisha, kwa sababu Muyisa ni mtu wa kupishwa. Akafika mbele yangu, akatega mguu wa chuma, akavuta bâche.

Moto nyekundu. Kwenye bati la nyuma, herufi nyeupe: HADIDJA.

"Ni nani hajue hii moto?" akauliza.

Watu wakainama kulisoma jina.

"Munatafuta mutu ya kulipa mafuta ya Bilali. Njo miye. Hii moto niliinunua miye, kwa commissionnaire ya Beni. Ile bure yote mulikuwa munacheza, mulikuwa munacheza na feza yangu."

Josaphat akabaki mdomo wazi. "Papa Muyisa... donc salle yako ilikuwa mutupu, na mafuta ya kuimaliza ulilipa weye?"

"Na mafuta nililipa miye," Muyisa akasema, sauti ya mtu anayeumwa jino. "Sasa kama munachoma, muanze na mwenye feza."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Mwingine akafuata. Sijawahi kusikia kicheko kitamu vile, na nilikuwa nalia. Tairi likashuka begani. Kidumu cha petroli kikapotea, sikuona kimeenda wapi. Kadhafi naye akasikika akisema basi mteja wake mkubwa ni Muyisa, wakacheka tena.

Watu walipotawanyika tulibaki watatu barabarani. Mimi, Hadidja na Muyisa.

"Yaya Muyisa," nikamwambia, kama mtu anayemwita kaka yake, "juu ya nini ulikuwa unaficha moto?"

Hakuzunguka. "Commissionnaire ananijua, alinipigia simu. Nikanunua ili nijue uko na feza ngapi ya mafuta. Nikapiga hesabu. Nikakaa kwenye kiti yangu, ninangoja mafuta yako ikwishe. Siku ya kufunga mulango, njo ningetoka na moto barabarani, uione."

Kumbe kile kiti! Kumbe ule utulivu wote! Alikuwa ananisubiri nizimike kama taa.

"Sasa juu ya nini umeitoa leo?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nilitaka ufunge salle, Bilali. Sikutaka ufe."

Yule ndiye mtu niliyekuwa nimemwona adui. Alikuwa mshindani kweli, tena mkali, lakini alijua mpaka wake uko wapi.

Nikadhani yamekwisha. Hadidja akanipita bila kunigusa, akamsogelea Muyisa, akapangusa vumbi kwenye jina lake kwa ncha ya kitenge.

"Papa Muyisa, samahani. Ulinunua bei gani?"

Muyisa akasita. Akanitazama, nikamkonyeza anyamaze. Akaitaja.

Hadidja akageuka taratibu.

"Bei hiyo, Bilali? Na jina yangu juu yake?"

Bega lililopigwa jiwe liliacha kuuma pale pale. Kilichouma kilikuwa kingine.

Leo mechi kwangu ni mia tatu, na kwa Muyisa mia tatu. Tulikaa tukakubaliana, hakuna kushuka chini ya mafuta. Wengi walirudi kwake, wachache wakabaki kwangu. Josaphat amebaki. Alijaribu kurudi kwenye PlayStation, kidole gumba kikapanda juu kutafuta kifimbo, akafungwa mabao mengi mbele ya watu. Bure yangu ilimharibia vidole, hana pa kwenda tena.

Moto bado ni ya Muyisa. Jina amekataa kulifuta, anasema rangi ni ghali. Kila asubuhi anapita nayo mbele ya mlango wetu, polepole, na mkewe Emérence amepakiwa nyuma.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kushusha bei si kosa. Lakini ukishusha, sema pesa unaitoa wapi, maana usiposema watu watakutungia, na watakachotunga kinaweza kuja na tairi. Tena uanze kusema nyumbani, kwa yule atakayesimama mbele yako mawe yakirushwa.

Mimi nilianza na watu wa nje. Ndiyo maana kila asubuhi moto ikipita, Hadidja anaacha chai yake, anachungulia dirishani, halafu ananiuliza kwa upole kabisa, "Uliiuza bei gani tena?"

Na mimi kila asubuhi namjibu.