Mchezo wa Jeton

Mimi hufundisha somo la uraia Vulamba, hapa Butembo, na hasira yangu iko karibu. Daftari la somo hilo limejaa maneno ya haki na wajibu. Wanafunzi huyakariri kama sala, kisha husinzia. Siku moja nililitupa daftari mezani nikawaambia tutafanya mchezo wa kuigiza.

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Mama mmoja wa Musienene anapeleka gunia la maharage sokoni. Mwanajeshi amefunga njia kwa kamba, anataka bakuli moja "ya batoto". Mama anaweka gunia chini, anauliza: "Jeton iko wapi?" Jeton ni kile kikaratasi cha risiti, bila hicho hakuna kodi, kuna wizi tu. Watazamaji wote wanaitikia, "Jeton! Jeton!" Kamba inashuka, mama anapita.

Mama huyo aliigizwa na binti wa miaka kumi na tano, anayekaa kwa shangazi yake Butembo. Baba yake ni Mwislamu wa Beni, msafirishaji wa bidhaa, anayelisha bariere zote, vile vizuizi vya wanajeshi, za njia ya Beni na Butembo. Shule moja ya Beni ilipotualika, binti aliniambia, "Madame, nataka papa asikie ile neno. Hata mara moja." Hakuwa ameniomba kitu kabla ya hapo.

Kosa lilikuwa langu. Mwanajeshi wetu, msichana mrefu kuliko wote, alitaka bere, nami nikamtafutia bere kuukuu ya kweli, kofia ya jeshi ambayo raia haruhusiwi kuwa nayo. Nikaifukia ndani ya gunia la maharage pamoja na kamba. Hapa kwetu gunia la maharage halimshtui mtu.

Kwenye bariere kabla ya Beni tulishuka wote garini, tukavuka kwa miguu kama ilivyo desturi. Kamanda wa wanajeshi wa pale akatia mkono ndani ya gunia achote chake. Mkono ukatoka na bere.

"Nani iko mwanajeshi kati yenu?"

"Ni ya mchezo, chef. Ya masomo."

"Mucheze basi. Tuone."

Nyuma yangu walikuwa wanafunzi kumi na wawili, mbele yangu bunduki tatu. Nikikataa, bere inakuwa kesi. Nikikubali, mchezo wenyewe ni tusi kwake. Maji yalinifika shingoni. Nikamvuta binti pembeni.

"Utatoa maharage. Hapana kuuliza jeton."

"Mais Madame..."

"Nimesema!"

Akatoa. Kamanda alicheka sana, ila hakuridhika na mwanajeshi wetu, aliyekuwa akibweka, "Leta! Leta!" Alimshika mabega, akamnyoosha.

"Hapana vile. Mutu wa bariere hapana kuomba. Anaangalia gunia tu. Ananyamaza."

Tukarudia mara mbili mpaka akapenda. Akaturudishia bere. Nilimshukuru, na nilimshukuru kwa moyo wote, jambo ambalo linaniuma mpaka leo.

Ndani ya gari nilimwambia binti, "Kule utasema neno lako." Akajibu, "Ndiyo, Madame."

Ukumbi ulijaa. Baba yake alikaa safu ya pili, amevaa kanzu safi. Hapakuwa na mwanajeshi hata mmoja ndani. Kamba ikafungwa, mama akaja na gunia lake, na yule msichana mrefu hakuomba kitu. Aliangalia gunia, akanyamaza. Watu waliguna, halafu wakacheka. Walikuwa wanamjua sana mtu wa namna hiyo. Nilisimama kando ya jukwaa, midomo yangu ikitamka jeton, jeton, bila sauti. Binti alinitazama. Kisha akainama, akachota bakuli likafurika, akalitoa kwa mikono miwili.

Kamba ikashuka. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Nje, baba yake alinijia ameweka mkono kifuani, machozi yakimlengalenga.

"Madame, aksanti sana. Nilikuwa naogopa munamufundisha matata, siku moja atanifia ku njia. Kumbe munamufundisha akili!"

Binti alisimama ubavuni pake, gunia kichwani, akisubiri nitajibu nini.

"Aksanti, papa," nikasema.