Mashua Nyeupe za Padri

Mwenye mtumbwi hugonga ubavu wa mtumbwi wake kila asubuhi, kama anayebisha hodi kwa wakwe, akasikiliza, ndipo apande. Dorkas, anayenunua samaki wake hapa ziwani Kitangiri, amekwisha kuzoea. Asichokielewa ni lile gazeti la Ulaya alilopewa na padri, limejaa picha za mashua nyeupe. Tangu mkutano uamue kwamba mitumbwi yote itakuwa ya kijiji, halimtoki mkononi, na kila mashua anaigonga vilevile kwa kidole.

“Mama Bonaventura,” alimwuliza Dorkas juzi, akimwonyesha Mzungu pichani, “huyu amelala ndani ya chombo chake mchana kweupe. Nyavu hana, samaki hana. Sasa anacheka nini?”

Dorkas naye hajui. Jana, siku ya mwisho kabla ya kukabidhi, alimwona akipiga kasia hadi katikati ya ziwa, kisha akatoweka. Dorkas akapanda juu ya jiwe amtafute. Kumbe amelala chali mtumbwini, mikono kisogoni. Alirudi bila samaki, shati limelowa mgongoni.

“Nimelala kama yule,” alisema. “Yamekuja maji tu.”

Leo mtumbwi ni wa kijiji. Amepanda bila kuugonga.