Kidonda cha Torbjørg na Keki za Nyumba ya Maombi

Kwa miaka thelathini na mmoja Torbjørg Vikanes alisimama nyuma ya chuma cha moto cha kuokea keki katika nyumba ya maombi, kule pembeni mwa fiodi, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima. Wanaume walihubiri mbele, yeye akaoka nyuma, na wengi waliohudhuria, kama wangesema kweli, walifuata keki.

Kisukari kilipomchimba kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, wazee walimpaka mafuta na kumwombea. Mwenyekiti wao, Leidulf, alikuwa na imani kubwa hivi kwamba kabla mafuta hayajakauka alishapeleka ratiba ya mkutano wa mwaka ikachapwe: saa kumi na moja, ushuhuda wa Dada Torbjørg, aliyeponywa mguu. Nakala mia mbili.

Mguu haukuisoma ratiba.

Jumatatu alikuja Solfrid, muuguzi wa wilaya. Alifungua bandeji, akainamia kidonda. Torbjørg hakukitazama. Alizitazama nyusi za muuguzi.

"Mama, hiki kikifika mfupani, kidole kinakatwa. Utaosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na husimami. Wiki sita."

"Nitasimama Jumapili tu, siku ya mkutano, kwenye keki."

"Jumapili nayo imo ndani ya wiki sita."

Kesho yake Leidulf alileta ratiba, bado inanukia wino.

"Dada, ukikaa unamwambia Mungu humwamini. Simama kwa imani, uponyaji utakufuata."

"Na keki je, Ndugu?"

"Keki nazo utaoka kwa imani."

Alipoondoka, Torbjørg alitia mguu kwenye beseni na kufungua Biblia kwenye habari za Naamani, yule jemadari mwenye ukoma. Alikuwa ameisoma tangu utotoni, lakini siku hiyo ilimwingia vingine. Jemadari alitaka nabii atoke nje, apunge mkono juu ya kidonda. Akaambiwa akaoge mtoni tu, na kidogo arudi kwao amenuna, kabla ya kutii na kupona. Torbjørg akalitazama beseni lake la plastiki.

Jumapili alifika, akakaa benchi la mbele, mguu juu ya kigoda.

"Inuka, Dada, ni zamu yako," Leidulf alinong'ona.

"Nashuhudia nimekaa," akajibu, sauti ikafika mlangoni. "Mliniombea, na maombi yenu nayaamini. Jibu lake amelileta Solfrid: nikae, nioshe. Ni kitu kidogo, ndiyo maana kinatushinda kutii. Sasa chuma kimeshapata moto, kinamngoja mtu."

Watu mia na arobaini wenye imani ya kuhamisha milima wakatazama viatu vyao. Mwishowe Leidulf akaenda mwenyewe kwenye chuma. Keki za kwanza zikatoka nyeusi.

"Tia siagi, Ndugu Leidulf."

"Nimetia."

"Basi omba."

Wiki ya saba kidonda kilifunga, kidole kikiwa mahali pake. Katika taarifa ya mwaka Leidulf aliandika kwamba dada yetu aliponywa mkutanoni, saa kumi na moja kamili, kama ilivyopangwa. Torbjørg aliisoma, akaikunja. Jumapili iliyofuata alikaa tena palepale benchi la mbele.

"Lakini umeshapona, Dada," Leidulf alisema, akimnyoshea aproni.

"Taarifa yako inasema nilipona siku ya mkutano, Ndugu. Na siku hiyo, nikiwa nimeshapona, ulioka wewe."

Leidulf akajifunga aproni.